Yai Moja la Kumwachia Mama

Dainess haingii duka la ngozi ya mamba. Ukimchukua akutafsirie huko Shiling, China, mji wa mikoba, ataingia nawe kila mlango: ngozi ya ng'ombe, ya mbuzi, ya mbuni, hata yale maturubai wanayoyaita ngozi kwa kudhani sisi hatuna macho. Atabishana na wenye maduka mpaka wao wenyewe waanze kucheka na kumletea kiti. Lakini mkifika kwenye kioo kilichowekwa mkoba wa magamba, miguu yake inagoma. Anabaki nje, jua la Guangzhou likimchoma utosini, anakushikia mizigo na kukwambia, "Nenda tu, bei watakuandikia kwenye kikokotoo."

Bi Kauthar, mwanamke wa Unguja mwenye ofisi yake kwenye barabara ya Huanshi Zhonglu, ndiye aliyechoka kuvumilia. Ilikuwa mwaka 2009, na alikuwa ameagizwa mkoba wa mamba na bibi harusi mmoja wa Dar es Salaam ambaye hataki kusikia habari ya kitu kingine.

"Hebu niambie, bibie," alisema, mikono kiunoni, pale pale kwenye njia ya watu. "Humo ndani unamwogopa nani? Mamba keshakufa, keshachunwa, keshatiwa zipu. Atakuuma na nini?"

Swali lilikuwa la mzaha. Jibu lake halikuwa la mzaha hata kidogo, na ndiyo maana Dainess aliinama akiangalia viatu vyake. Hadithi yenyewe inaanzia nyuma, miaka miwili kabla ya siku hiyo, na inaanza na kuku.

Dainess ni mtu wa Singida, na nani asiyejua kuku wa Singida? Mama yake alifuga kuku tangu Dainess hajaota meno. Kwa hao kuku alisomeshwa. Katika nyumba yao kulikuwa na mambo matatu ambayo mtoto aliyajua kabla ya kujua kuhesabu. La kwanza: tetea akianza kuatamia, mayai yake unayatia alama ya mkaa, ili kesho kuku mwingine akija kutaga humo humo, ulijue la zamani na la jana. La pili: tetea mzuri huyageuza mayai yake kwa mdomo kutwa nzima, na tetea mvivu asiyegeuza, mgeuzie wewe, la sivyo vifaranga vitagandia upande mmoja. La tatu: usichukue mayai yote kiotani. Mwachie mama yai moja. Ukimnyang'anya yote anakisusa kiota, na wewe umekula leo ukakosa kesho.

Aliupata ufadhili wa kwenda China akiwa na miaka ishirini na mmoja. Kanisani kwao Singida walimwombea wote kwa pamoja, wakampa khanga na biblia, na mama yake akasimama mbele ya watu wote akasema, "Huyu hatarudi mikono mitupu." Maneno ya namna hiyo, jamani, mama huyasema kwa furaha, na mtoto huyabeba mgongoni kama gunia. Dainess aliyabeba mpaka Guangzhou. Mwaka wa kwanza ulikwisha katika kujifunza lugha, wa pili katika ufugaji wa wanyama, na katika somo la kuku hakuna Mchina wala Mwafrika aliyemshinda. Basi mwezi Juni mwaka 2007, chuo kilipogawa wanafunzi kwenda mafunzoni, alijua kabisa atapelekwa kwenye banda la kuku.

Wakampeleka kwa mamba.

Shamba lilikuwa kusini ya jiji, kule ambako Mto wa Lulu unaanza kuonja chumvi, mabasi mawili na mwendo wa miguu juu ya tuta la kuzuia maji. Mamba wenyewe walikuwa mamba wa maji chumvi, wakubwa kuliko mamba wote duniani. Shamba lilikuwa na mabwawa saba, banda la mayai, na mtu mmoja aliyejua kilichokuwa kikiendelea humo. Huyo aliitwa Liang. Watu walimwita Liang Shifu, maana huko fundi mzee hutajwa kwa heshima hiyo. Alikuwa mfupi, mkavu, kidole kimoja cha mkono wa kushoto hakipo, na hakuwa mtu wa maneno. Alimtazama Dainess kuanzia viatuni hadi kwenye nywele, akasema, "Kumbe wewe ndiye mtu wa mayai." Kuanzia hapo akamwita binti.

Katika bwawa la tatu aliishi mamba jike ambaye Liang alimwita Shangazi. Alikuwa na umri wa miaka arobaini hivi, na zaidi ya kumi na mitano kati ya hiyo alikuwa amekaa na Liang, tangu aliposhushwa melini kutoka Thailand akiwa tayari mama mzima. Shingoni alikuwa na kovu jeupe lenye umbo la mundu, alilotiwa na dume siku za ujana wake. Liang alizungumza habari zake kama mtu anayemsifia mkwe. Alimweleza Dainess kwamba mamba huyu ana matundu madogo ulimini yanayotoa chumvi, ndiyo maana bahari haimwui. Kwamba akizama hulipunguza pigo la moyo wake mpaka likawa kama mtu anayebisha hodi kwa woga, na anaweza kukaa chini saa nzima. Kwamba anaweza kukaa miezi bila kula na asife. "Zamani za mababu zetu walikuwepo hapa hapa, kwenye midomo ya mto huu," alisema. "Tukawamaliza. Hawa wamerudi kwa meli, wamerudi wafungwa."

Lakini Shangazi alikuwa na shida. Misimu miwili mfululizo mayai yake yalikuwa maji matupu. Na shamba lilikuwa limepata mmiliki mpya, laoban, kama tunavyowaita mabosi wote kule, jina lake Kuang, mtu aliyetokea kwenye biashara ya soli za viatu. Laoban Kuang hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayetembea na kalamu sikioni. Alisema waziwazi mbele ya Liang na mbele ya Dainess, siku ile ile ya kwanza: "Mwaka huu akitotoa, anakaa. Asipototoa, anakwenda Shiling. Simlishi bibi kizee tasa."

Liang alimwomba ampe msimu huu mmoja tu. Akapewa.

Usiku wa tarehe tano Juni Shangazi alitaga. Alikuwa amelundika nyasi na matope yakawa tuta refu mpaka gotini kwa mtu, maana majani yakioza hutoa joto, na joto hilo ndilo linaloatamia, siyo mwili wa mama. Mama kazi yake ni ulinzi. Asubuhi Liang akamzuia kwa mti mrefu na ubao, Dainess akafukua. Mayai arobaini na matatu, meupe, makubwa kuliko ya bata. Liang aliyainua moja moja kwenye mwanga wa tochi, na uso wake ukabadilika. Kwenye ganda, upande wa juu, kulikuwa na doa jeupe kama tone la maziwa. Alimshika Dainess mkono, yeye asiyeshika mtu mkono.

"Yamo," alisema. "Binti, watoto wamo."

Kila yai alilolitoa alilitia alama ya penseli juu yake kabla ya kulinyanyua. Dainess akatabasamu. Akamkumbuka mama yake na kipande cha mkaa. Na yalipofika arobaini na mawili, Liang akalifukia tena la mwisho.

"Hilo je?" akauliza Dainess.

"La mama. Hunyang'anyi mama vyote. Asipokuwa na cha kulinda hula kwa kinyongo, mwaka ujao hatagi."

"Hata kwetu!" Dainess alipiga kofi kwa furaha. "Hata kwetu hufanywa hivyo hivyo!"

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, kwenye furaha ile. Mambo mawili ya mzee huyu yalifanana na ya mama yake, alama na yai la kuachia. Angewezaje kudhani la tatu halifanani?

Siku kumi baadaye kikaja kimbunga. Walioishi Guangzhou wanaijua mvua ya kule, siyo mvua, ni mtu amepindua bahari. Maji ya mto yalipanda mpaka yakaanza kulila tuta, na kila mwanamume wa shamba akaitwa kubeba viroba vya mchanga, maana tuta likivunjika mamba mia tatu wangetoka kwenda kutembea mjini. Umeme ukakatika. Liang alisimama mlangoni pa banda la mayai, koti la mvua likimchuruzika, akasema kwa haraka, "Binti, chunga joto. Lisishuke chini ya thelathini. Mayai nakuachia." Akaondoka. Hakusema zaidi, kwa sababu kwake jambo lenyewe lilikuwa wazi kama kutembea, na hakuna mtu anayemwambia mwenzake asitembee kwa mikono.

Siku tatu Dainess hakutoka mle bandani. Alichemsha maji kwenye jiko la gesi, akayajaza kwenye chupa za plastiki, akazifunga matambara na kuzipanga kuzunguka mashine ya kutotolea, walimoyaweka yale mayai, kila baada ya saa mbili. Alivua sweta lake akalifunikia mashine. Alilala akiwa amekaa, kipimajoto mkononi. Jamani, kama kuna mtu aliyewahi kuyapenda mayai katika dunia hii ni yule msichana katika siku zile tatu.

Na kwa kuwa aliyapenda, aliyageuza.

Aliona mashine ni ya kizee, haina kigeuzio kama zile za kuku alizosomea. Akasema moyoni, basi, mkono upo. Asubuhi alama juu, mchana alama chini, jioni alama juu, mayai arobaini na mawili, kwa vidole vyepesi kama alivyofundishwa. Alikuwa akiimba tenzi za kwao huku akigeuza.

Siku ya nne mchana Liang alirudi, matope mpaka kifuani. Tuta lilikuwa limeshika. Kipimajoto kilikuwa thelathini na moja. Aliinamia mashine, na alikaa ameinama muda mrefu mno. Alama zote za penseli zilikuwa zimelala chini. Dainess alidhani mzee anaomba, au amechoka, au vyote viwili.

"Umefanya kazi," Liang alisema mwishowe, bila kumtazama. "Nenda ukalale."

Ukweli Dainess aliupata mwezi wa Agosti, kwenye maktaba ya chuo, alipokuwa akitafuta maneno ya kuandikia ripoti yake. Kitabu kilikuwa cha Kichina, na mstari mmoja aliusoma mara tano, akitumaini amekosea kusoma. Yai la mamba si yai la kuku. Halina zile kamba za ndani zinazomshika mtoto katikati. Siku ile ile ya kutagwa, mtoto wa mamba hupanda juu akajishika kwenye ganda, na hapo ndipo atakapokaa. Ndilo doa lile jeupe. Ukiligeuza yai katika majuma yale ya kwanza, mtoto anabanduka na kuzama kwenye ute wake mwenyewe. Ndiyo maana huwekwa alama ya penseli, alama ibaki juu.

Alifunga kitabu. Alitoka nje akakaa kwenye ngazi. Aliyaona mayai yote, moja moja, vidoleni mwake.

Akimwambia laoban, Shangazi anapona, maana itajulikana hakuwa tasa. Lakini chuo nacho kitajua, na mwanafunzi aliyeua uzao mzima wa shamba la watu, nani atamwachia ufadhili? Alijiona amerudi Singida na sanduku lake lile lile. Alimwona mama yake kanisani, akiwa hana pa kuuweka uso. Alimwambia mtu mmoja tu, Dismas, kijana wa kwao aliyekuwa akisomea uhandisi, na Dismas akamshangaa.

"Ujitie kitanzi kwa ajili ya mjusi?" alisema. "Nyamaza dada. Mayai huoza kila siku duniani, hakuna anayeyafanyia uchunguzi."

Akanyamaza. Alijiambia kesho, ikafika kesho akajiambia keshokutwa. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na wale hawakusema matumbo ya nani.

Tarehe thelathini Agosti, Alhamisi, laoban Kuang alikuja na kalamu yake sikioni. Siku za kutotoa zilikuwa zimepita. Liang alifungua mashine. Laoban akachukua yai moja, akalipasua kwenye ndoo, na harufu ikawafukuza wote mpaka mlangoni.

"Viza," alisema. "Yote viza. Miaka mitatu sasa."

"Yalikuwa na watoto," alisema Liang. "Niliona doa kwa macho yangu."

"Mzee, wewe ungeona doa hata kwenye jiwe. Unampenda yule mnyama." Laoban alimgeukia Dainess, na sauti yake ilikuwa ya heshima, kwa kuwa aliwaheshimu wasomi. "Wewe ni mtu wa chuo, na ulikuwepo tangu siku ya kwanza. Nitalishika neno lako. Mayai haya yalikuwa na uhai, au hayakuwa nao?"

Hapo tena, ndugu yangu, mlango ulikuwa wazi kiasi kwamba hata kipofu angeupita. Liang alimtazama. Hakumkazia macho wala hakumwomba, alimtazama tu.

"Sijui," alisema Dainess.

Laoban akaandika kitu kwenye karatasi. Gari lingekuja Jumatatu.

Alipotoka, Dainess alipita kwenye bwawa la tatu, hakutaka kupita lakini njia ilikuwa hiyo. Shangazi alikuwa amelala kando ya lile tuta la nyasi, kidevu chake juu yake, kama alivyolala tangu Juni. Liang alikuwa nyuma yake na ndoo. "Hajaliacha," alisema mzee, kama anayesema peke yake. "Mvua yote ile imepita juu yake, yai limekwisha kuzama na kuoza, na yeye hajaliacha." Na binti wa mfuga kuku, anayejua tangu utoto kwamba tetea husimama akaondoka juu ya yai viza, alisikia maneno hayo yakampita masikioni, kwa sababu kichwa chake kilikuwa kimejaa mwenyewe.

Ijumaa hakula. Jumamosi hakulala. Jumapili asubuhi, badala ya kwenda ibadani, alivaa nguo zake za ibada akapanda basi la kwenda shambani. Alikuwa ameiandika barua kwa Kichina, ukurasa mmoja, yenye jina lake na namba yake ya chuo, na alikuwa ameamua kumkabidhi laoban mkononi, kabla ya Jumatatu. Moyo wake ulikuwa umetulia kidogo kwa mara ya kwanza tangu maktaba. Kwenye tuta alikutana na lori la bluu lililofunikwa turubai. Njia ni nyembamba pale, akajibana pembeni lipite. Dereva akapiga honi ya shukrani, na Dainess akampungia mkono.

Liang alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, ndani ya uzio wa bwawa la tatu. Lango lilikuwa wazi. Hilo ndilo lililomwambia Dainess kila kitu, maana lango lile halikuwahi kuachwa wazi hata dakika moja.

"Walisema Jumatatu," alisema.

"Lori lilipata nafasi leo."

Alipiga magoti kwenye matope, na nguo zake za ibada. Akasema yote. Aliyasema vibaya, Kichina chake kilikuwa kimevunjikavunjika kwa kilio: siku tatu za kimbunga, chupa za maji moto, asubuhi juu, mchana chini, mama yake, kuku, na lile neno alilolijibu Alhamisi. Alimpa barua. Liang hakuifungua.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua lini?"

"Nilipoingia bandani. Alama zote zilikuwa chini. Na nje ya mashine nikaona sweta lako."

"Kwa nini hukumwambia? Ungesema ni mimi! Ungenitaja jina!"

Mzee alikisugua kile kidole kisichokuwepo. "Kosa la kwanza lilikuwa langu, mimi sikukwambia. Halafu nikafikiri. Yeye ana miaka arobaini. Wewe una ishirini na mitatu, na una mama. Nikikutaja watakurudisha kwenu. Sikuweza kuwaokoa wote wawili, binti, nikachagua. Nilingoja tu huenda wewe nawe ukachagua."

Kuna kusamehewa kunakouma kuliko kipigo, na hakuna pa kukimbilia. Walikaa hivyo wote wawili, jua likipanda, nzi wakilia juu ya bwawa lisilo na mtu.

Ndipo sauti ikaanza.

Ilikuwa ndogo, ya kukwaruza, kama mlango wa kabati unaohitaji mafuta. *Nyek. Nyek.* Dainess alidhani ni chura. Lakini Liang alisimama ghafla hata ndoo ikabiringika, na uso wake ukawa mweupe.

"Yai la mama," alisema.

Halikuwa limezama. Halikuwa limeoza. Hakuna aliyeligeuza, hakuna aliyeligusa tena, maji ya mvua yalipita pembeni na joto la nyasi likalea. Na mtoto wa mamba akikomaa huita angali ndani ya ganda, kwa sababu yuko chini ya matope yaliyokauka na hana nguvu ya kujifukua. Anamwita mama. Mama akiisikia sauti hiyo huchimba kwa mikono yake ya mbele, akamtoa, akambeba ndani ya kinywa kile kile kinachovunja nyati, kwa ulaini, akampeleka majini. Miezi mitatu Shangazi alikuwa amelala pale akiingoja sauti hiyo. Alikuwa amepishana nayo kwa saa mbili.

*Nyek. Nyek. Nyek.*

"Chimba," Liang alisema. "Chimba wewe."

Dainess alichimba. Matope yalikuwa yameshikana kama tofali, kucha zikamkatika, hakusimama. Alilikuta yai kwenye kina cha mkono, limepasuka ncha moja, na kwenye ufa kipua kidogo kinahema. Hakuligeuza. Alilipasua palepale lilipolala, kidogo kidogo, na mamba mdogo wa urefu wa kiganja na nusu akatoka, manjano na madoa meusi, akamng'ata kidole gumba mpaka damu. Dainess alimwacha ang'ate.

Walimtia kwenye beseni la maji. Akaendelea kuita. Aliita akizunguka, kichwa juu, akitafuta. Aliita mpaka Liang akapiga magoti kando ya beseni, akainamisha kichwa, na kutoka chini kabisa ya koo lake akatoa mngurumo mfupi, mzito, ule alioujua kwa miaka ile yote kutoka kwa Shangazi. Mtoto akanyamaza. Mzee akaguna tena, machozi yakimdondoka ndani ya maji, na mtoto akaogelea kuja upande wake.

Barua ile Dainess alimpelekea laoban Kuang siku hiyo hiyo. Laoban aliisoma kwa kutulia, akaikunja, akauliza, "Alhamisi nilikuuliza. Sasa unaniambia ili nifanye nini?" Hakukasirika, aliuliza tu. Kisha Dainess akapeleka nakala chuoni, akiwa amekwisha kufunga sanduku. Profesa wake akasoma, akakuna kichwa, akasema mafunzo hayakupita na itabidi ayarudie mwaka ujao. Basi. Mwaka mmoja wa kurudia. Lile jitu alilolikimbia mwezi mzima, kumbe lilikuwa na urefu huo tu.

Yule mdogo anaishi. Liang alimpima akasema ni jike, kwa sababu mvua ya kimbunga ililipoza lile tuta la nyasi, na yai la mamba likipata ubaridi hutoa jike. Katika mia wanaoanguliwa porini labda mmoja hufika utu uzima, na huyu hana mama wa kumlinda. Ana mzee mmoja anayeguna. Dainess humtembelea kila mwezi, na juu ya mashine ya mayai ameandika kwa mkono wake, kwa Kichina na kwa Kiswahili: alama ibaki juu.

Hayo yote, pale Shiling, Bi Kauthar hakuyajua. Yeye alikuwa bado amesimama mbele ya kioo, mikono kiunoni, anangoja jibu.

"Nakuuliza, mwanangu. Unamwogopa nani humo?"

Dainess alichungulia kioo mara moja, akageuza uso.

"Ana kovu shingoni, Bi Kauthar," alisema. "Naogopa kumkuta."